Kikapu kinaongeza safu badala ya kubadili idadi (PHP na MySQL)

Wakuu, mteja akibonyeza "Weka kikapuni" mara ya pili kwa bidhaa ileile, jedwali linapata safu mpya (row). Idadi inabaki 1. Nikitumia UPDATE, vikapu vya wateja wote vinabadilika. Nakosea wapi?

Jibu 1
Umesahau WHERE, mkuu. Bila sharti, UPDATE inagusa kila safu:
UPDATE kikapu SET idadi = idadi + 1 WHERE mteja_id = ? AND bidhaa_id = ?
Jaza alama za kuuliza kwa prepare() na execute(). Na mteja_id itoke kwenye $_SESSION (taarifa za mteja zinazotunzwa upande wa seva), kamwe si kwenye fomu, la sivyo mtu atachezea kikapu cha mwenzake.

Jibu 2
Safu kujirudia ni kukosa ufunguo wa kipekee (UNIQUE, unaozuia mteja na bidhaa ileile kuingia mara mbili). Futa marudio kwanza (yakiwepo, MySQL itakataa), kisha:
ALTER TABLE kikapu ADD UNIQUE (mteja_id, bidhaa_id);
Hapo INSERT yako imalizie na ON DUPLICATE KEY UPDATE idadi = idadi + 1. rowCount() (hesabu ya safu zilizoguswa) ikirudisha 2 usishtuke: safu mpya huhesabiwa 1, iliyobadilishwa 2.

Jibu 3
Wakati wa kulipa, punguza stoo kwa kauli moja yenye sharti AND stoo >= ?. rowCount() ikirudisha 0, mzigo hautoshi. Ukisoma kwanza kwa SELECT ndipo utoe, wateja wawili wanaweza kuuziwa kipande kimoja.