Msaada tutani: titresheni ya HCl na NaOH, kitabu 1.37 mimi 1.22

Kijana_PCB
Wakuu habari za jioni, kuna swali linanisumbua toka mchana. Ni titresheni, yaani kumimina besi kidogo kidogo kwenye asidi: HCl (asidi) 25 cm³ ya 0.1 M (moli kwa lita) iko kwenye flaski, NaOH (besi) nayo 0.1 M iko kwenye byureti, ule mrija wa kupimia wenye bomba, wanataka pH (kipimo cha uasidi) ukishaweka 10 cm³ ya NaOH. Nimetafuta moli za asidi 0.0025 nikatoa za besi 0.001 zikabaki 0.0015, nikagawa kwa 0.025 ikaja 0.06 M, nikapiga −logi nikapata 1.22. Majibu nyuma ya kitabu yanasema 1.37. Kitabu kimekosea au? Na bado kuna vipengele vya 24.9, 25, 25.1 na 30 hata sijavigusa

Byureti_Inavuja
Kitabu kiko sawa mkuu. Kutoa moli uko vizuri kabisa, tatizo ni hiyo 0.025. Flaski haina tena 25 cm³, umeshamimina 10 juu yake kwa hiyo ni 35. Gawa 0.0015 kwa 0.035 utaona 0.0429, −logi yake ndo hiyo 1.37. Kila ukifungua byureti, H⁺ za asidi zinaliwa na OH⁻ za besi na hapo hapo zilizobaki zinatawanyika kwenye ujazo mkubwa zaidi, sasa wengi wanakumbuka la kwanza tu

Ticha_wa_Zamu
Naongezea hapo. Kabla hujashika kalkuleta jiulize nani kabaki. Ikibaki asidi, H⁺ inakupa pH moja kwa moja. Zikiisha zote, pH ni 7 kwa nyuzi 25, maana Na⁺ na Cl⁻ hazigombani na maji, zipo zipo tu. Ikibaki besi unapata pOH kwanza (kama pH ila ya OH⁻) halafu unaitoa kwenye 14, na hapa ndipo naletewa madaftari yenye pH 2 kwenye flaski iliyojaa alkali na mtu wala hashtuki!

Kipengele kitamu ni cha 24.9. Asidi ambayo haijaguswa ni 0.1 cm³ tu, moli 0.00001 ndani ya 49.9 cm³, inakuja kama 0.0002 M, pH 3.7. Nenda 25.1, moli ni zile zile ila sasa ni za OH⁻, pOH 3.7, pH 10.3. Yaani cm³ 10 za mwanzo zimesogeza pH kutoka 1 hadi 1.37, halafu 0.2 cm³, matone kama manne, yanairusha kutoka 3.7 hadi 10.3. Ndo maana kwenye praktiko pinki ya fenolfthalini (kiashiria, kinabadili rangi kufuata pH) inatokea ghafla kwa tone moja, na ndo maana hata kiashiria kingine, methili orenji, kinafaa hapa japo kinageuka kwenye pH 3.1 hadi 4.4, ukisimama kikiwa njano kamili tofauti yao haifiki tone

mpita_njia
samahani nadandia uzi, ingekuwa H₂SO₄ je? nazidisha mara mbili tu?

Ticha_wa_Zamu
Moli za H⁺ ndiyo, zidisha mara mbili, 25 cm³ ya 0.1 M itakunywa 50 cm³ za NaOH hiyo hiyo. Ila usikimbilie kusema pH ya mwanzo ni 0.70. H⁺ ya kwanza inatoka yote, ya pili inatoka kwa kujivuta, kwa hiyo 0.1 M inakaa karibu na 0.96. Ndo maana watunzi wengi wa maswali wanaipenda HCl

Kijana_PCB
Daah nimeelewa. 30 cm³ nimefanya 0.0005 kugawa 0.055, pOH 2.0413927, pH 11.9586073, kitabu 11.96. Asanteni sana wakuu

Byureti_Inavuja
safi, ila kwenye mtihani andika 11.96 basi, hizo namba nyingine zote byureti yako haizijui