Tupeane uzoefu: ulipotukanwa kwenye matatu, nani alifungua mdomo?

Wadau, naomba visa vyenu wenyewe, hasa kuhusu waliokuwa kando wakitazama. Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo mchana kwenye steji katikati ya Nairobi, eti sketi ni fupi. Tarehe 17 wanawake wakaandamana kutoka Uhuru Park kudai haki ya kuvaa watakavyo. Siku hizi kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka 10. Sheria tunayo. Ila ndani ya gari, saa mbili usiku, unabaki na abiria wenzako tu.

Mimi makanga alinishika kiuno akinipandisha. Nikamwambia toa mkono, akaniita malaya gari zima likisikia. Mzee mmoja akasema, "Msichana, wacha kelele twende." Makanga hakuambiwa lolote! Maneno ya yule mzee yaliniuma kuliko tusi lenyewe.

*Mama Wawili, Kayole:*
Pole sana dada. Yangu si ya matatu. Nilienda kutafuta nyumba na kaka yangu mdogo, hata kazi hana. Deposit nikalipa mimi, mwenye ploti akamkabidhi yeye ufunguo na kumweleza mambo ya maji na taka. Kaka akamwambia, "Mzee, mpangaji ni huyu, ongea na yeye." Ndipo nikaangaliwa usoni.

*Makanga wa Rongai:*
Niwaambie ya upande wetu. Kazi yetu ni ya siku kwa siku, na gari unapewa na wanaume wenzako pale steji. Mmoja akimtusi abiria wengine wanacheka, na asiyecheka anaonekana msaliti. Nilimkataza mwenzangu kumvuta msichana mkono. Kesho yake sikupewa gari, wala kesho kutwa. Sisemi ndiyo sababu ya kunyamaza, nasema mjue kunyamaza kunalipwa. Abiria nyinyi hamna wa kuwafuta kazi. Mkisema watano, dereva anasikia, kwa sababu mkishuka amepoteza nauli.

*Nesi wa Umoja:*
Kweli kabisa. Sisi mama mmoja wa kiti cha nyuma alipaza sauti, "Dereva, simamisha!" Gari lote likadakia. Makanga akaomba msamaha papo hapo. Halafu yule mama akamuuliza binti anashukia wapi, akashuka naye. Nawasihi mfanye hivyo, maana anayetukanwa huogopa zaidi akishuka peke yake. Na ikifika kubakwa, hospitali kwanza, kabla ya saa 72, dawa za kuzuia HIV zisaidie. Asioge kabla ya kuchunguzwa. Namba 1195, ya kuomba msaada ukifanyiwa ukatili wa kijinsia, ni ya bure.

*Mwanzilishi wa uzi:*
Asante nesi. Ndugu wa Rongai, ulirudishiwa gari?

*Makanga wa Rongai:*
Hapana. Nilihamia sako nyingine, yaani chama kingine cha wenye matatu. Huku mwenye gari ni mama, na makanga akimgusa abiria anashushwa siku hiyohiyo. Wengine leteni visa, nasoma vyote.