Anagawa korosho akiangaliwa tu

Mama wa Mikindani: Habari zenu. Mwanangu wa miaka 5 akiwa na wenzie anagawa korosho. Akibaki peke yake anaficha. Nimchape?

Mwalimu wa awali, Lindi: Usimchape, dada. Ameanza kujua watu wanamwonaje, basi. Watafiti wa taasisi ya Max Planck, Leipzig, Ujerumani, walichapisha jaribio 2012: watoto wa miaka 5 wakitazamwa na mwenzao waliiba stika kidogo na kusaidia zaidi. Sokwe hawakujali. Mpe korosho sita, aamue mwenyewe agawe ngapi. Ukimlazimisha, atagawa kwa kukuogopa wewe.

Mlezi, Shangani: Na usimwite mchoyo mbele za watu, wala usimwage sifa ovyo. China, kwenye mchezo wa kubahatisha karata, watoto waliosifiwa "una akili sana" walichungulia karata zaidi kuliko walioambiwa "safari hii umefanya vizuri". Akishaitwa mwenye akili, atailinda sifa hata kwa kudanganya. Sifia tendo: "umempa mwenzio mbili."

Mama wa Mikindani: Asanteni. Mdogo wake wa miaka 3 je?

Mwalimu wa awali, Lindi: Huyo bado. Kwenye jaribio jingine, kuambiwa "wenzio wanasema wewe mwema" kulipunguza udanganyifu kwa wa miaka 5, wa 3 hakukuwagusa.