Mtu amekalia KITI CHANGU kunifundisha namna ya kukaa!!!

MgongoWazi (mleta uzi)

Wakuu, naandika nimesimama. Si kwa kupenda. Kiti nilichoachiwa gesi imekwisha, ukikikalia kinashuka chenyewe taratibu mpaka kidevu kinalingana na kibodi na wenzako wanaanza kuulizana umeenda wapi.

Sasa leo yule bwana katuitia semina. Sitaji jina. Mnamjua, kila ofisi inaye wake. Wetu ni yule wa "nawaomba dakika moja tu" halafu giza linaingia. Mada ya semina: Kukaa Vizuri Kazini. Tunaingia ukumbini tunakuta tumepangiwa stuli za plastiki zisizo na egemeo. Watu wazima na vitambi vyetu, juu ya stuli. Magoti yangu yalikuwa yanaongea na masikio.

Yeye kaja na kiti. Anakisukuma mwenyewe koridoni, magurudumu hayatoi hata sauti. Nikakitazama. Nikakitazama tena. Wakuu, ni KITI CHANGU. Kile kilichoondolewa mezani kwangu "kinaenda kukaguliwa mara moja". Mkono wa kushoto wa kiti una doa la wino, doa hilo nililiweka mimi, nalijua kuliko alama za mwili wangu.

Akakaa. Akajiinua kidogo, akavuta kile kishikio cha pembeni, kikapanda. Akashusha egemeo la kiuno likamshika pale pale pa kushikwa. Ndipo akaanza. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Viwiko viwe karibu na mbavu. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Msikae mkao mmoja muda mrefu, inukeni mtembee. Na yote ni kweli! Hilo ndilo linaniua. Hakukosea hata neno moja, na kila neno lilitoka akiwa ndani ya kiti changu.

Nikanyoosha mkono. Kwa adabu kabisa. Nikasema mkubwa, tumekusikia, ila viti vyetu havipandi, changu kinajua kushuka tu. Na kazi tunafanyia laptopu. Skrini na kibodi zimezaliwa pamoja: ukiinua skrini ifike machoni, mikono inaning'inia hewani, ukiiacha mezani, shingo inainama kutwa. Basi tupatiwe hata kibodi za kuchomeka pembeni. Nikamalizia, mgongo unaniuma sana mkubwa.

Akaegemea. Kiti changu kikampokea. Akasema:

"Mgongo hauumi. Mgongo unaendekezwa."

Watu wakacheka. Nyie, watu ambao wenyewe walikuwa wanabadilisha tako la kukalia kila baada ya sekunde, wakacheka.

MGONGO HAUUMI! MGONGO UNAENDEKEZWA! Kayasema hayo kaegemea! Na egemeo ni langu! Kisha akafungua slaidi inayofuata, picha ya mtu anatabasamu kwenye kiti kizuri.

Eti mwisho katangaza vitaletwa viti vipya, vyote saizi moja, "ya mtu wa kawaida". Sikumsikia vizuri. Kichwani kulikuwa kunapiga wimbo mmoja tu. Unaendekezwa. Unaendekezwa.

Nishaurini kabla sijaenda kumwonesha mgongo unavyoendekezwa.

---

Kiuno_Chuma: Nimewahi siti ya mbele. Samahani, stuli ya mbele.

MamaPacha: Mleta uzi pole kaka, ila hapo pa "magoti yanaongea na masikio" nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Mzee_wa_Fikra: Vijana mnadeka. Wazee wetu walikaa chini na hakuna aliyelia mgongo.

Kiuno_Chuma: Mzee_wa_Fikra, shikamoo. Wazee walikaa chini, wakainuka, wakaenda shamba, wakachuchumaa, wakarudi. Hawakukaa saa nane mfululizo wakitazama jedwali. Na walilia mgongo sana, ni wewe tu hukuwa unatumwa kuwakanda.

Mzee_wa_Fikra: Marahaba. Lakini mnadeka.

Bwana_Vipimo: Mleta mada, hiyo habari ya "saizi ya mtu wa kawaida" ikatae kwa hoja. Mwaka 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilipima miili ya marubani zaidi ya 4,000. Kijana mmoja, Gilbert Daniels, akachukua vipimo 10, urefu, kifua, mikono na kadhalika, akatafuta ni wangapi wanaangukia wastani kwenye vyote kumi. Hakupata hata mmoja. Chumba cha rubani kilichochongwa kwa ajili ya mtu wa kawaida kilikuwa kimechongwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Dawa yake ikawa viti na mikanda inayorekebishika. Kwa hiyo kiti kisichopanda wala kushuka ni

Kiuno_Chuma: Mtu kaporwa kiti, wewe unamletea marubani.

Bwana_Vipimo: Hujaniacha nimalize.

MgongoWazi: Wakuu turudi kwenye hoja. KAEGEMEA. Ndipo akasema unaendekezwa. Mngeona namna alivyoegemea! Kile kiti kina spring ya kuegemea ambayo niliilegeza mimi mwenyewe ikanikaa sawa na uzito wangu. Ananikejeli kwa spring yangu.

DadaKaunta: Nyie mnaolilia viti, Mungu anawaona. Mimi nafanya kaunta, kiti hakuna kabisa, ni kusimama kutoka kufungua hadi kufunga. Nilileta kigoda changu nikaambiwa mteja akikuta umekaa atadhani umechoka. Sasa si NIMECHOKA? Nyayo zinawaka, mishipa ya miguu imechora ramani. Nipeni hiyo stuli ya plastiki, niende nayo hadi kaburini.

Mpakuzi_Mkuu: Dada wewe una kaunta ya kuegemea. Sisi ghalani. Kuna mwongozo wa kule Marekani, wa watu wa usalama kazini, unaosema mzigo wa kuinua kwa mikono usipite kilo 23, na hizo 23 ni pale kila kitu kimenyooka: mzigo uko karibu na mwili, unauinua kutoka usawa mzuri, hujipindi, una pa kushika. Ukiwa chini sakafuni au unajipinda kuugeuza, kilo zinapungua zaidi. Sisi gunia linatoka sakafuni, unajipinda nalo, na msimamizi anasema "wahi wahi". Halafu akaja mtu kutufundisha "inua kwa miguu usiinue kwa mgongo". Nikamwuliza, je gunia likiwa pana kuliko magoti yangu nalipitishia wapi? Akasema swali zuri. Akaenda zake.

Kiuno_Chuma: "Swali zuri" 😂😂

MamaPacha: Hao wote darasa moja na yule wa mleta uzi.

Nesi_wa_Zamu: Gunia halikushiki shingo. Mgonjwa ukimwinua kitandani anakukumbatia shingoni na uzito wote, na kitanda kimeganda chini hakipandi. Kitanda kikiinuliwa hadi usawa wa kiuno chako, nusu ya maumivu inaisha. Chetu wenzo wake umevunjika tangu zamani, tumepewa bango ukutani: LINDA MGONGO WAKO.

Mpakuzi_Mkuu: Sawa nesi, hapo nimekuachia ushindi.

Bwana_Vipimo: Naomba nimalizie tu, kwa sababu hili la "unaendekezwa" lina historia. Vita Kuu ya Pili, ndege za kivita za Marekani aina ya B-17 zilikuwa zinatua salama, halafu zikiwa ardhini rubani anakunja magurudumu, ndege inalala kifudifudi. Wakubwa wakasema uzembe wa marubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaenda kuangalia ndani: swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa, vile vya nyuma ya bawa vinavyokunjwa ukishatua, zimekaa jirani na zinafanana. Mtu katoka vitani usiku kachoka, unategemea nini? Akashauri kishikio kimoja kiwe na umbo la gurudumu na kingine umbo la bawa, mkono utambue bila macho. Hakuwaambia marubani wanadekeza vidole. Alibadilisha kitu, akamwacha mtu.

Kiuno_Chuma: Huyu lazima ana ndege ndani.

MgongoWazi: Bwana_Vipimo umesema kweli tupu, nimechapisha hiyo nitaibandika mlangoni kwake. Ila hamjanishauri. Nikichukue kiti usiku? Doa la wino linatosha kuwa ushahidi?

Mzee_wa_Fikra: Doa la wino kwenye mali ya ofisi umelitia wewe? Utalipa.

MamaPacha: 😂😂😂 Kesi imegeuka!

MgongoWazi: Mzee heshima yako, lakini unamtetea mtu aliyesema MGONGO UNAENDEKEZWA akiwa

Twiga_Mrefu: Sijasoma uzi wote. Nauliza tu, masinki ya vyombo alipimiwa nani? Mimi nikiosha vyombo vya siku moja, kuinuka lazima nishike kabati. Nimeambiwa weka beseni la kuoshea juu ya kitu ndani ya sinki lipande, nimefanya, inasaidia. Lakini kwa nini NIFANYE?

MamaPacha: Twiga, sisi wafupi nayo inaturushia maji kifuani, kabati za juu tunapandia kiti. Usijione peke yako.

Twiga_Mrefu: Mfupi anapanda kitu. Mrefu apunguze nini, miguu?

DadaKaunta: Apunguze maneno.

Shoto_Daima: Warefu na wafupi mnagombania sinki, sisi wa mkono wa kushoto hatujatajwa tangu dunia iumbwe. Mkasi wa kawaida nikiushika, vidole vyangu vinasukuma visu viachane badala ya kubanana. Karatasi haikatiki, inakunjwa. Na kisu cha juu kinaniziba mstari ninaoukata. Darasani niliambiwa nina mikono mizito.

Twiga_Mrefu: Si ukatie kulia?

Shoto_Daima: Si uoshe vyombo umepiga magoti?

Nesi_wa_Zamu: Mikasi ya kushoto ipo, visu vyake vimegeuzwa. Kazini tulikuwa nayo mmoja.

Shoto_Daima: Tulikuwa?

Nesi_wa_Zamu: Wa mkono wa kulia waliuchukua, wakaona haukati, wakautupa.

Shoto_Daima: WAKAUTUPA???

Kiuno_Chuma: Shoto fungua uzi wako, tunahamia huko.

MgongoWazi: Jamani kiti changu

Shoto_Daima: Nishafungua. Njooni. Nesi uje ueleze vizuri nani aliutupa.