Black Hawk, Mi-17 au NH90: jeshi dogo lichukue ipi?

Mzee_wa_Rada:
Wakuu, tujadili helikopta za usafirishaji, siyo zile za mashambulizi. Jeshi lina uwezo wa kununua aina moja tu, na hiyo hiyo ibebe askari, risasi, majeruhi, na mafuriko yakija ipeleke chakula na mahema. Kwenye makaratasi naona Mi-17 ya Urusi inaongoza mbali: watu 24 au tani 4 ndani. Black Hawk ya Marekani askari 11 wenye zana zao. Kuna ubishi hapo?

Fundi_Mapanga:
Upo, mkuu. Kwanza umesahau kulabu ya chini ya tumbo. Black Hawk za matoleo ya L na M zinaning'iniza pauni 9,000, yaani karibu tani 4, kwa hiyo mzinga wa milimita 105 unakwenda nao hewani.

Pili, namba za makaratasi huwa ni za usawa wa bahari na hali ya hewa nzuri. Joto likipanda, au ukiwa milimani, hewa inakuwa nyepesi: mapanga yanayozunguka juu yanakosa cha kushika na injini zinapungukiwa nguvu. Hapo rubani anaanza kupunguza, ama watu ama mafuta, na akipunguza mafuta safari inafupika. Wamarekani somo hilo walilipata Vietnam na Huey, helikopta zao za wakati huo, ndiyo maana masharti ya helikopta iliyokuja kuwa Black Hawk yalitaka ipande wima ikiwa na kikosi chake kwenye futi 4,000 na joto la nyuzi 35. Muuzaji yeyote muulize swali la namna hiyo kabla hujauliza bei.

Koplo_Mstaafu:
Mimi naangalia milango. Black Hawk inafunguka pande zote mbili, askari wanamwagika kushoto na kulia, chombo kimeondoka. Ila ndani ni chini mno, kwa sababu ilibuniwa iingie kwenye ndege ya mizigo ya C-130. Mganga anahudumia majeruhi akiwa amepiga magoti, dripu inamgusa kichwa. Mi-17 ina nafasi ya machela 12, na nyuma inafunguka unaingiza makasha bila kuhangaika. Kwa mafuriko hiyo ni raha tupu.

Binti_Anga:
Na NH90 ya Ulaya mbona mmeiruka? Askari 20, mlango wa nyuma wa kuteremka, uongozaji wa umeme badala ya nyaya za chuma. Kwa ubunifu imezipita zote mbili. Tatizo ni kuikuta iko tayari kuruka. Norway walivunja mkataba wa zile za baharini 2022, Australia wakastaafisha zao 2023 na kuhamia UH-60M, yaani Black Hawk toleo la M.

Fundi_Mapanga:
Vipuri, dada, vipuri! Hata Mi-17 sasa ina mtihani huo. Ufilipino walisaini kununua 16, wakafuta 2022 wakihofia vikwazo dhidi ya Urusi.

Mzee_wa_Rada:
Duh. Koplo, ukilazimishwa uchague moja?

Koplo_Mstaafu:
Black Hawk. Mizigo mikubwa naitundika nje.

Fundi_Mapanga:
Sawa, ila ukitundika nje punguza mwendo. Mzigo ukianza kuyumba vibaya rubani anauachia, na hayo mahema yako utayaokota porini.