Mrejesho: lile swali la mtumbwi wa Malagarasi

Wakuu, asanteni sana. Kwa wasiolikumbuka: mtumbwi wa injini unapanda mto Malagarasi kilomita 24, unageuka na kurudi ulipoanzia, jumla saa 5. Mkondo una kasi ya kilomita 2 kwa saa. Tafuta kasi ya mtumbwi kwenye maji yaliyotulia.

Jibu ni kilomita 10 kwa saa. Kasi ikiwa x:

24/(x − 2) + 24/(x + 2) = 5

Zidisha kila kipande kwa (x − 2)(x + 2), upate 48x = 5(x² − 4), yaani 5x² − 48x − 20 = 0. Hapo 5 inazidisha mabano yote. Ukiandika 5x² − 4, vigawo vinagoma kabisa. Vigawo sahihi ni (5x + 2)(x − 10). Ile −2/5 tunaitupa, maana kasi ya chombo haiwi hasi.

Kuhusu lile jibu lililotolewa na baadhi yenu, 48 ÷ 5 = 9.6, hiyo ni kasi ya wastani ya safari nzima, siyo kasi kwenye maji yaliyotulia. Mtumbwi unapambana na mkondo kwa saa 3 (24 ÷ 8) na kusukumwa nao kwa saa 2 tu (24 ÷ 12), kwa hiyo kilichopotea wakati wa kupanda hakirudi chote. Walimu wa hapa Kigoma, nawaomba mkazie hapo ubaoni.