"The" inakaa wapi? Bango la boti, Kibirizi

Nahodha_Kgm: Wakuu, habari za jioni. Napeleka wageni hifadhi ya sokwe ya Gombe kwa boti, na fundi rangi anasubiri maneno ya bango. Niandike "Lake Tanganyika" au "the Lake Tanganyika"? Mbona Malagarasi wanauwekea "the"? Ziwa letu limekosa nini?

Mwl_Ujiji: Ndugu, jina la ziwa moja haliwekewi: Lake Tanganyika, Lake Victoria. Mito inawekewa: the Malagarasi, the Nile. Meli pia, the Liemba. Usisumbuke kutafuta sababu, wenye lugha wamezoea hivyo. Ila ukilisifia ziwa, "the" ni lazima: "the longest freshwater lake in the world", maana linaloongoza kwa urefu ni moja tu.

Nahodha_Kgm: Na sokwe? Nimeweka "See the chimpanzee".

Mama_Dagaa: Hapo mgeni atauliza sokwe yupi, kama vile mlishamzungumzia. Andika "See chimpanzees", wingi bila kitu mbele. Ukiweka "a chimpanzee" umeahidi mmoja, na wewe mwanangu usiahidi kabisa! Siku wakikaa juu mlimani, mtu atadai nauli yake.